Debe la Ngosha Lililoamsha Bandari

Ukungu haujaondoka ziwani, na boti ya kutoka Mwanza kwenda Kamanga, ng'ambo, imeshajaa: akina mama wenye vikapu vya nyanya, mbuzi wawili, baiskeli, na bwana mmoja aliyevaa tai. Mbele kabisa amesimama Ngosha Shimba, miguu peku, debe kifuani, fimbo mkononi.

"Shikeni watoto!" anapaza sauti. Kisha anapiga debe: gwa! gwa! gwa! Penye matete kiboko dume anainua pua, anatazama, anazama. Boti inapita. Abiria wanacheka, na bwana wa tai anashusha pumzi.

Hiyo ndiyo kazi ya Ngosha tangu vita viishe: kufukuza viboko njiani na kuwaonya wenye mitumbwi wakati wa ukungu. Mshahara wake? Anacheka. "Mwanzo wa mwezi tunakula sato, mwisho wa mwezi tunakula dagaa. Ziwa halijatunyima."

Lakini wiki hii, Mwanza nzima ikipaka chokaa na kushona bendera kwa ajili ya Uhuru, Ngosha ana jambo moja tu moyoni. Anataka kutembea katika gwaride la Desemba tisa pamoja na askari waliopigana Vita Kuu ya Pili. Na Ngosha hakuwa askari. Alikuwa kuli.

"Bunduki sikushika, ni kweli," anasema. "Lakini vita vilinikuta. Vilikuja na mzinga, mimi nikavijibu kwa debe."

Vita vilipopamba moto, kijana huyu wa Kisukuma, aliyekulia ufukweni mwa ziwa, alichukuliwa kwenda kupakua shehena katika bandari ndogo ya pwani ya kusini. Makuli walilala katika banda la mbao kando ya maji, jirani na mapipa ya mafuta ya jeshi. Bahari hakuwa ameiona maishani mwake. Aliona maji tu, na maji alidhani anayajua.

Asubuhi moja, wenzake wakiwa bado wamejifunika shuka, alitoka kwenda kuosha sufuria ya uji. Mbele yake maji yakafura. Mgongo mweusi, mpana, ukapanda taratibu huku maji yakichuruzika ubavuni.

"Nikasema, mama yangu! Kumbe viboko wa huku ni wakubwa hivi? Na huyu amelielekea banda letu!"

Haya, chekeni, wasomaji. Hata mimi nilicheka. Lakini mtu wa ziwa akiona mgongo mweusi karibu na watu waliolala, haulizi. Anapiga chochote chenye mlio, na anawakimbiza watu majabalini, maana kiboko hapandi mawe. Ngosha akanyakua debe tupu la mafuta ya taa, akaingia nalo bandani, akalipiga juu ya vichwa vya wenzake. Wakatoka mbio, wengine na shuka tu kiunoni, wakamfuata hadi kwenye mawe nyuma ya bandari wakidhani kuna moto.

Abeid Mbaruku, leo fundi cherehani hapa mjini, alikuwa mmoja wao, na yeye ni mzaliwa wa pwani. "Tulipofika juu nikamuuliza, kuna nini? Ati kiboko! Wallahi nilitaka kumpiga. Nikaanza kumtukana: we mshamba wa bara, kiboko gani baharini... Lile tusi sikulimaliza."

Ule mgongo ulitema moto. Ilikuwa nyambizi, manowari inayosafiri chini ya maji, imeibuka kuipiga bandari kwa mzinga wake. Kombora la kwanza liliangukia banda lao. Mapipa yakalipuka, moshi ukafunika jua. Kisha nyambizi ikazama, ikaenda zake. Ya taifa gani, Ngosha hajui hadi leo. Banda liligeuka majivu, na ndani yake hapakuwa na mtu.

"Nina mke na watoto kwa sababu ya ujinga wa mtu huyu," anasema Abeid, anacheka huku macho yamelowa. Vita vilipokwisha alimfuata Ngosha hadi Mwanza, akaoa, akahamia moja kwa moja. Bado anamwita Kiboko.

Medali hakuna aliyempa. Ngosha alirudi na lile debe tu, likiwa na tundu la kipande cha chuma kilichorushwa na mlipuko. Mkewe, Ng'washi, analitumia kutunzia mahindi nyumbani kwao Pasiansi, tundu limezibwa kwa kitambaa; la kufukuzia viboko ni jingine.

"Majirani wananiambia nilitupe," anasema mama huyo. "Debe lililonirudishia mume? Thubutu!"

Jumapili iliyopita Ngosha alikwenda kwa Mzee Mutayoba, sajini wa zamani kutoka Bukoba, anayeongoza maandalizi ya gwaride. Abeid alimsindikiza.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Shida yako nimeisikia, ndugu yangu. Lakini gwaride ni la walioshika bunduki. Nikimwingiza kuli mmoja, kesho kila mtu atakuja na kisa chake."

Ngosha akainamisha kichwa. Abeid hakukubali. "Sajini, bunduki zilikuwepo pale bandarini. Hakuna hata moja iliyotuamsha. Banda zima tulitoka wazima!"

Mzee Mutayoba alisugua goti lake bovu.

"Sisi kule vitani tulivamiwa usingizini," akasema mwishowe. "Wenzangu niliwazika kulekule. Hatukuwa na mtu wa debe." Akamtazama Ngosha. "Njoo nalo Jumamosi. Ngoma ya gwaride hatuna. Utatangulia mbele yetu."

Jana jioni nilimkuta Ng'washi amemwaga mahindi mkekani, analisugua debe kwa majivu mpaka linang'aa. Kile kitambaa amekitoa.

"Tundu lionekane," alisema. "Watu wajue."

Ngosha alikuwa mlangoni akichonga fimbo mpya. Nilimuuliza kama atavaa viatu siku hiyo kubwa. Akatikisa kichwa: siku ile alikuwa peku, na Uhuru ataupokea peku. Kisha akalichukua debe kwa mkewe, akaligonga mara moja, polepole, akasikiliza.

"Siku ile nililipiga ili watu wakimbie," alisema. "Jumamosi nitalipiga waje."