Mkereza na Mkewe

Mkereza alizoea kuzungusha mbao kwenye mashine yake hadi zikawa miguu ya vitanda. Mkewe alipopooza, akawa anamgeuza kitandani asipate vidonda, wakipokezana na binti yao, mwalimu wa Kiingereza.

Jioni moja, wakimgeuza pamoja, binti alisema, “Baba, Waingereza wana neno ‘turn’. Ni kugeuka, ni kugeuza, na zamu pia ni hilohilo.”

“Wamelitoa wapi?”

“Kwa Wagiriki wa kale. Kwao lilikuwa jina la kerezo, mashine kama yako.”

“Kumbe Kiingereza kimezaliwa karakanani kwangu!”

Mama akacheka kwa upande wa mdomo uliobaki na nguvu. Mkereza alikuwa hajamwona akicheka tangu augue.

Asubuhi alipopitisha mikono chini ya mgongo wa mkewe, aliukuta wa baridi. Akamgeuza vilevile, polepole, akamnyooshea shuka.

Binti aliingia. “Kapumzike, baba. Sasa ni zamu yangu.”

“Zamu zimekwisha, mwanangu,” alisema.

Binti akaangua kilio. Mkereza akachukua mafuta, akaketi miguuni pa mkewe, akawa anampaka visigino mpaka majirani walipojaa mlangoni.