Mvua Ilinyesha Mfangano, Hakuna Aliyepanda

Miaka ile ya tisini magugu yalipofunika ziwa, nilifunga cherehani yangu Migori mjini nikaenda kisiwani Mfangano kumvunja moyo dada yangu Akinyi. Nasema wazi, hiyo ndiyo kazi niliyotumwa. Shemeji Odhiambo alikuwa ameniandikia kwamba Akinyi, mjane wa kaka yake mkubwa, amekataa kurithiwa na ndugu wa marehemu, na mvua imeshanyesha. Kwa mila yetu, mke wa mtoto wa kwanza asipopanda, wake za wadogo hawagusi mbegu. Na mjane ambaye hajarithiwa akipanda, huleta chira, ile laana inayomaliza watu. "Njoo uongee naye, watoto watalala njaa," aliandika. Nilikusanya kina mama wenzangu wa kanisa la Sabato, tukaomba Akinyi alainike. Mchungaji hatukumwambia, maana kanisa linakataza kurithi wajane.

Jumapili asubuhi nilipanda mashua Homa Bay. Njiani magugu yalinasa injini, mwenye mashua akaizima na kushika upondo. Kimya kilikuwa kizito. Hakukuwa na ndege, wala maji hayakuonekana, ni kijani tupu kinachotikisika polepole. Kisiwa kilipokaribia nikasikia mwanamke anaimba wimbo wa kanisani, wa furaha, peke yake.

"Kuna matanga huko?" niliuliza.

"Hapana, mama," alisema bila kugeuka. "Ni yule mjane. Huimba kila siku. Tafadhali usimwonyeshe kidole."

Ilikuwa sauti ya dada yangu.

Saa tisa mchana nilipanda kilima. Mashamba yalikuwa yamelimwa vizuri, udongo umelowa, na hakuna hata mche mmoja. Wanawake walikaa milangoni, majembe yameegemezwa ukutani, wakinitazama. Nyumba mbili nilizozijua zilikuwa zimebomoka paa, na makaburi mbele yake. Ugonjwa ule wa kukondesha, unaopitia kitandani, haukutajwa jina. Ulimchukua mume wa Akinyi, ukamchukua na mdogo wake, ambaye alikuwa amerithi mjane wa binamu yao. Sasa zamu ya kumrithi Akinyi ilikuwa ya Odhiambo.

Akinyi alinipokea akicheka, amekonda hadi mashavuni.

"Nyaminwa, ndugu yangu, umetumwa, sivyo?"

"Nimetumwa. Kubali, watu wapande. Unaimba nini wakati watoto wa watu wana njaa?"

"Na wangu je?" Alinimiminia uji mwepesi kama maji. "Ningeweza kupanda leo. Lakini nikipanda kwa nguvu, kila mtoto akikohoa watasema ni mimi. Nimemwomba mama mkwe anitangulie kwenye shamba langu. Yeye ndiye mkubwa wa boma, akianza, hakuna wa kuogopa. Mungu anajua jinsi ya kumfikia, kwa hiyo nangoja."

"Na asipokuja?"

"Basi nitakuwa nimeimba."

Siku tatu nilimtazama akisimama katikati ya shamba tupu na kikapu cha mbegu, akiimba huku mvua inamnyeshea. Nyuma ya ua niliona macho tu. Mama mkwe alisimama mlangoni pake kutwa nzima, haondoki, haongei. Niliogopa sana. Chira niliyojidai siiamini nilianza kuisikia mgongoni.

Alhamisi asubuhi yule mama akatoka, jembe begani, akaja moja kwa moja shambani. Nilidhani anakuja kumpiga. Alichukua kikapu mikononi mwa Akinyi.

"Nimezika wana wawili," alisema. "Wa tatu simtoi."

Alichimba shimo la kwanza, akatia mahindi, akafukia kwa mguu, kisha akamkabidhi Akinyi jembe. Siku hiyo dada yangu hakuimba. Alikaa chini kwenye matope akalia kama mtoto. Halafu tukasikia jembe moja likilima ng'ambo ya ua, na jingine.

Ijumaa Odhiambo alinibebea mzigo hadi mashuani.

"Shemeji," alisema, "barua ile wazee ndio waliniambia niandike. Mimi kila asubuhi nilikuwa naomba usimweze."

Sabato, baada ya ibada, kina mama walinizunguka kuuliza kama Akinyi alilainika. Niliwaambia hakulainika hata kidogo, na kwamba kosa lilikuwa langu, mimi niliyeongoza yale maombi yetu. Mungu angetusikiliza sisi, Odhiambo tungemzika.