Vijiti Nilivyovigusa kwa Kidole Gumba

Mimi ni fundi wa kushona hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi Malawi. Shule niliachia darasa la nne, lakini mkono wa mwanamke naujua kuliko nesi. Nikizungusha utepe juu ya kiwiko, kidole gumba kinakutana na vijiti vya kuzuia mimba chini ya ngozi, vile vya kukaa miaka. Kinagusa, mimi nanyamaza.

Nilipopimia sare za kwaya mara ya kwanza, nusu ya mikono ilikuwa navyo. Mara ya pili nikavikuta kwa watatu tu. Wengine walibaki na kovu dogo, na matumbo yaliyonilazimisha kuongeza kitambaa mbele.

Aliyefanya hayo namtaja: mke wa mchungaji wetu. Njo yeye aliyepita nyumba kwa nyumba akisema vijiti vinatembea mpaka moyoni. Na mume wangu akamwamini. Mimba yangu ya mwisho ilinimwaga damu mpaka daktari akasema nyingine itanizika, akanitia vijiti. Mume wangu akajibu kwamba daktari si Mungu. Wakapatana wao wawili: Jumatatu mama mchungaji anipeleke kliniki, vyangu vitolewe.

Jumamosi akaja kupimwa gauni lake. Alikuwa bado ananihubiria nilipozungusha utepe. Kidole gumba kikasimama. Viwili, vimelala kama sindano kwenye kikasha chake.

Mahubiri nayo yakasimama.

Nikamwuliza kwa heshima zote, "Mama, mkono huu niubane, ao niuache mpana?"

"Uache mpana, dada." Kisha, chini chini: "Walinitia Lilongwe, kule Area 36. Hakuna mwenye ananijua."

Nikasema Jumatatu nitakuwa na kazi nyingi ya magauni. Akakubali kwamba hata yeye anaona hivyo. Jioni alikuja kumwambia mume wangu kuwa ameomba, akaonyeshwa mkono wangu usiguswe. Mume wangu akaitika amina. Mimi nilikuwa jikoni, nimeziba mdomo kwa kitenge.

Gauni lake nililitia mikono mipana kama mabawa ya bata, na kwaya nzima ikautaka mtindo huo.

Jumatatu mama mchungaji akampeleka jirani yangu, mwenye batoto sita, akatolewe vyake. Walipita mbele ya mlango wangu, wakanipungia. Sikumwita jirani nimwonye. Ningemwita, siri ingetoka, na mume wangu angenivika viatu anipeleke mwenyewe. Nikawapungia na mimi, utepe ukiwa shingoni.