Pasipoti Mbili, Nyumba Moja

Watu husema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi changu sikukikuta nguoni. Nilikwenda kukipokea mwenyewe uwanja wa ndege wa Baiyun, nikakibebea na begi.

Namsema mdogo wangu wa kiume. Tumbo moja, ziwa moja, mtu mzima mwenye mvi na watoto wanne. Alikuja Guangzhou kununua vigae na masinki ya kwenda kuuza Tanga, na kwa kuwa mimi ndiyo kazi yangu hapa, mwaka wa saba sasa, kuwazungusha wafanyabiashara wa nyumbani viwandani na kuwapakilia makontena, haikuwa hata swali kwamba angefikia kwangu. Nakaa Sanyuanli, ghorofa ya sita, vyumba viwili na jiko ambalo wakiingia watu wawili, mmoja lazima awe anapika. Nilimpa chumba changu, mimi nikalala sebuleni. Nilimpikia wali wa nazi ya kopo. Siku ya pili akaniuliza kama huku hakuna nazi ya kweli, nikaizunguka nusu ya mji kuitafuta.

Kabla sijasema alichonifanyia, niseme dhambi yangu, maana bila yangu yake isingewezekana.

Nina pasipoti mbili. Moja ya kwetu Tanzania. Nyingine ya Uingereza, niliyoipata baada ya miaka kumi na mmoja ya kuwaogesha wazee wa watu katika nyumba ya kutunzia wazee. Sheria ya kwetu naijua, sikuambiwa na mtu: mtu mzima akichukua uraia wa nchi nyingine, wa nyumbani umekwisha, na kitabu anatakiwa akirudishe. Mimi sikukirudisha. Na nilipokuwa nasitasita kwenda kula kiapo cha Waingereza, aliyenipigia simu kunitia moyo ni huyu huyu mdogo wangu. “Dada, chukua! Nani atakuuliza? Bahati haiji mara mbili.” Nikachukua.

Raha yake niliionja, sitasema uongo. Askari wakisimamisha watu Xiaobei, mtaa wetu Waafrika hapa mjini, kukagua hati, wenzangu walifunuliwa kila ukurasa, wakaulizwa viza na anwani na kazi. Kitabu changu cha Uingereza kilitazamwa jalada, kikafunguliwa mara moja, nikarudishiwa kwa mikono miwili. Nilikuwa nasimama pembeni kuwangoja wenzangu, naona haya na naona raha, vyote kwa pamoja. Kwenda nyumbani ndiyo ilikuwa mchezo kamili. Kwenye kaunta ya ndege hapa Baiyun nilitoa kitabu cha Tanzania, wasiniulize viza. Hatua ishirini mbele, kwa askari wa uhamiaji, nikatoa cha Uingereza chenye kibali changu cha kuishi China. Nikishuka Dar, natoa tena cha kwetu, napanga foleni ya wenyeji, na afisa ananigongea muhuri na kusema, “Karibu nyumbani, mama.” Neno hilo nililipenda kuliko pasipoti zote mbili.

Ubaya wake nao ulikuwepo, ila ulikuwa mdogo mdogo, wa kuzoeleka. Kila safari nilikuwa napapasa vitabu vyote viwili mkobani mpaka nipite dirisha la Dar. Kitabu kimoja nilikificha ndani ya kopo la unga. Na kuna mama wa Kizanzibari anayetupikia Xiaobei, kila akiniona lazima anichome: “Mshika mbili moja humponyoka, mwanangu.” Nami humjibu, “Mikono ninayo miwili, bibi, nipakulie.” Watu wakicheka.

Kila nilichokifanya kwa ujanja huo nilikifanya kwa ajili ya nyumba ya mama. Kiwanja ni cha mama, alirithi kwa wazazi wake, na nyumba ya udongo iliyokuwapo niliibomoa mimi na kuisimamisha ya tofali, miaka yote ile ya Uingereza na hii ya China. Mama alisema mbele yetu sote, mdogo wangu akiwepo na akiitikia kwa kichwa, kwamba nyumba atamwandikia binti yake, kwa kuwa mwanamume ana kiwanja chake na binti hana pa kurudi. Ni kweli sina. China haimwachi mgeni azeeke, kibali kikiisha unafunga virago. Uingereza naweza kuzeeka, lakini nimeona wanavyozeeka, nimewashika kwa mikono yangu, na sitaki. Nilitaka kufa Tanga, katika chumba cha uani, nikisikia watu wanagombana kwa Kiswahili. Hilo tu.

Sasa, hapa China mgeni akilala nyumbani kwako lazima umwandikishe polisi ndani ya siku moja. Si hoteli tu, hata ndugu yako wa damu. Asubuhi ya pili nikampeleka kituoni, mimi na mkataba wa pango, yeye na pasipoti yake. Alishangaa sana.

“Dada, yaani polisi wanataka kujua nani amelala kwako?”

“Wanataka kujua mpaka nani ameondoka.”

“Ah, hawa watu!”

Afisa alikuwa dada mmoja mkali wa sura, mpole wa maneno. “Didi?” akaniuliza, mdogo wako? Nikasema ndiyo, didi wangu, na nikajisikia vizuri kulitamka. Akataka kopi: ukurasa wa picha wa mgeni, ukurasa wa picha wa mwenyeji, na kibali cha mwenyeji cha kuishi hapa. Kopi hazitolewi pale, kuna kiduka upande wa pili wa barabara. Foleni nyuma yetu ilikuwa ndefu. Nikampa mdogo wangu kitabu changu cha Uingereza, nikamfungulia kurasa zenyewe, nikamwonyesha kiduka. Mtu hamfichi nduguye. Wafanyabiashara wote wa hapa tunajua hupaswi kuiachia pasipoti yako mkononi mwa mtu, hata kwa dakika tano. Tumelizana sana kwa hilo, na wageni wangu wote nawaonya. Yeye sikumhesabu kuwa mtu. Alikuwa mdogo wangu.

Alirudi na kopi, safi kabisa, kurasa zangu mbili ameziweka kwenye karatasi moja. Yule dada akagonga muhuri, tukaenda kunywa supu.

Alipoondoka nililia uwanja wa ndege, na yeye akalia.

Miezi minne baadaye, nikiwa ghala moja la vigae nabishana na laoban mwenye ghala juu ya maboksi yaliyovunjika, simu ikalia mfululizo. Picha za WhatsApp, sita, kutoka kwa mdogo wangu, na ujumbe mrefu. Alisema amekwenda na mama ofisi ya ardhi. Alisema nimshukuru. Sheria hairuhusu asiye raia kumiliki ardhi, na nyumba ikiandikwa jina langu siku moja serikali itakuja kuichukua, kwa hiyo wameiandika jina lake, kwa usalama wetu sote. Mwisho akaongeza: “Ila afisa mmoja aliiona ile kopi yako akauliza maswali. Ukija usije na kile kitabu cha zamani, watakushika. Nakwambia kwa upendo.”

Nilifungua picha moja moja. Barua ya mama. Fomu yenye alama ya dole gumba lake. Na picha ya tano, pasipoti yangu ya Uingereza na kibali changu cha Kichina kwenye karatasi moja. Hakuna mtu duniani mwenye sababu ya kuwa na kurasa hizo mbili pamoja isipokuwa polisi wa Sanyuanli. Familia nzima ilijua miaka yote kwamba nina uraia wa pili. Mama alikuwa akijisifia nao msikitini. Walichokuwa hawana ni karatasi ya kuthibitisha. Alikuja kwangu akala, akalala kitandani pangu, na karatasi nikampa mwenyewe.

Laoban aliacha kubishana. Akaniletea kiti.

Nilimpigia mama jioni yangu, mchana wake. Nilikuwa nimejiandaa kumlilia, nimwambie ametapeliwa. Nilidhani yeye na mimi tumedhulumiwa pamoja.

“Nimetia dole mwenyewe,” akasema. “Hakunishika mkono.”

“Mama, nyumba ile si ulisema yangu?”

“Nilisema. Lakini mwanangu, wewe si mtu wa hapa tena. Umekula kiapo kwa watu. Mimi nikifa leo, nani atanifumba macho? Yeye yupo.”

“Mbona hamkuniuliza?”

“Tungekuuliza nini? Nguo ya kuazima haisitiri makalio, ulijua ulipoivaa. Na huko kwenu kila nikipiga uko kazini.”

Huko kwenu. Mama yangu aliyenizaa ndani ya kiwanja kile aliniambia huko kwenu, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anamwambia jirani aliyehama. Nilikasirika. Yeye alikuwa akijisifia uraia ule, walikuwa wakiutumia wote: wakihitaji dawa ya Ulaya, wakihitaji barua ya mwaliko, wakihitaji mtu wa kusimama mbele ya balozi. Ulipokuwa unaleta faida, nilikuwa mtu wao. Kosa langu nalikubali, nilivunja sheria na nikalificha kwenye kopo la unga. Lakini serikali haikunifuata hata siku moja. Aliyenifuata nimenyonya naye ziwa moja.

“Njoo tuzungumze,” mama akasema mwishowe. “Mambo ya nyumba hayazungumzwi kwenye simu. Na magoti haya yananiuma kila siku, usikawie.”

Nilikaa wiki mbili nikisema siendi. Halafu nikajua nitakwenda, kwa kuwa magoti yanayouma ni ya mama. Kitabu cha kwetu nilikitoa kwenye unga nikakipangusa, nikakitazama, nikakirudisha. Nikafungua kompyuta kuomba viza ya Tanzania, kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Uraia, Mwingereza. Mahali pa kuzaliwa, Tanga. Fomu haikuona ajabu yoyote. Kwenye madhumuni ya safari nikachagua kutembelea ndugu, na hapo ikafunguka sehemu nyingine: jina la mwenyeji wako, anwani ya nyumba, na kopi ya kitambulisho chake. Mama kitambulisho chake kilipotea zamani. Mwenye nyumba ni mmoja tu.

Nikamwandikia mdogo wangu. Sikuweka salamu. Nilisema nahitaji kopi ya kitambulisho chake kwa ajili ya viza, nije kumwona mama.

Alijibu kabla hata sijaiweka simu chini. Picha ya kitambulisho, mbele na nyuma, imepigwa vizuri sana. Na maneno: “Karibu sana dada, mama atafurahi. Utakaa siku ngapi? Chumba cha uani nimempangisha mwalimu, lakini kuna gesti safi hapo jirani, nitakuulizia.”

Niliyasoma mara mbili. Kisha nikarudi kwenye fomu, nikamfuta mwenyeji, nikaandika anwani ya gesti, na kwenye madhumuni ya safari nikaweka alama mbele ya utalii.