Mama Gundi na Maneno Yaliyofunikwa

Saa mbili kasoro robo asubuhi, kabla mawakili hawajaanza kupigana vikumbo koridoni, mwanamke mwenye miwani iliyofungwa uzi anakata karatasi kwa mkasi. Anapaka gundi ukingo wa juu tu, anabandika kipande juu ya kifungu cha sheria kilichorekebishwa, kisha anakikandamiza kwa kiganja. Ukikishika kwa chini, kinafunuka. Maneno ya zamani bado yapo.

Makarani wenzake wanamwita Mama Gundi, na wala hakereki. Kwa miaka thelathini na mmoja ndiye anayeingiza marekebisho katika vitabu 214 vya maktaba hii ya mahakama, chumba chenye dirisha moja na kiti kimoja kizima.

Alifundishwa kupaka gundi karatasi nzima. Siku yake ya tatu kazini gundi ikamwishia, akapaka ukingo tu, na mkuu wake akamjia juu kwamba anaharibu vitabu vya serikali. Gundi ilipoletwa, yeye akaendelea na ukingo.

"Niliona vibaya kuyazika maneno ambayo watu walishaishi nayo," anasema.

Ukaidi huo ulizaa matunda miaka tisa iliyopita. Kampuni moja ilitaka kumtoa bibi wa miaka sabini na minne katika nyumba ya kazi alimoishi na mwanawe, dereva wa kampuni hiyo, aliyekuwa amefariki mwezi mmoja kabla. Sheria iliipa "familia" ya marehemu mwaka mzima wa kukaa. Wakili wa kampuni, mtu mwenye ulimi wa asali, alieleza kwamba familia ni mke na watoto, na dereva hakuwa na mke wala mtoto.

Bibi hakuwa na wakili. Alikuwa na mfuko wa nguo mapajani, maana alikuja akiwa ameshafungasha.

Jaji aliagiza kitabu. Mama Gundi akakipeleka, akabaki amesimama mlangoni. Jaji alisoma kifungu, akasita, kisha akakifunua kile kipande kwa ukucha. Chini yake sheria ya zamani ilisema: "mke na watoto."

Akamgeukia wakili. "Kama waliotunga sheria walitaka mke na watoto tu, maneno hayo walikuwa nayo tayari. Mbona waliyaondoa?"

Akaamua kwamba mama mzazi naye ni familia. Bibi akarudi nyumbani na mfuko wake.

"Mimi kubishana sijui, mwanangu," Mama Gundi anamwambia mwandishi wa makala haya. "Lakini siku ile nilijua ninabandika nini."

Sasa vitabu vinaondoka. Mwezi ujao sheria zitasomwa kwenye kompyuta, zile zinazotumika tu, na vitabu vitapelekwa kusagwa. Naye anastaafu baada ya wiki sita. Kompyuta haipingi, anakiri inasoma upesi kuliko majaji wote aliowahudumia. Amemwandikia msajili wa mahakama barua kuomba maneno ya zamani yasipotee, na msajili amemtuma fundi wa kompyuta aje amsikilize.

Fundi anafika saa nne, ana haraka zake. Mama Gundi hamhubirii. Anamwekea kitabu mbele. "Funua," anamwambia.

Fundi anafunua, anasoma. Anafungua ukurasa mwingine, anafunua tena. Saa saba mchana bado amekalia kile kiti kizima, na Mama Gundi amesimama.

"Ninaomba hilo tu," anasema. "Siku akija mwingine ameshafungasha, jaji awe na pa kufunua."