Mama Futi na Bega la Wifi

Jina la Mama Futi lilitokana na ile futi ya kamba iliyoning'inia shingoni mwake tangu asubuhi mpaka jioni. Aliivaa kazini, aliivaa jikoni, na mara moja aliingia nayo msibani kwa kusahau. Mfiwa mmoja alipoiona akaangua kilio upya, akidhani jeneza halijapimwa.

Alikuwa fundi cherehani, tena fundi kweli. Lakini watu hawakumfuata kwa mshono peke yake. Walimfuata kwa sababu alijua kusitiri. Mwenye kitambi aliingia nacho na kutoka hana. Mgongo uliopinda ulinyooshwa kwa mkunjo mmoja wa kitambaa, na kifua kilichokataa kuota kikaoteshwa kwa pamba. "Daktari anaweza kuropoka," alizoea kusema, "fundi hawezi."

Kitu kimoja tu kilimshinda, nacho ni kuchora. Mteja akisema, "Hebu nichoree hiyo nguo niione," Mama Futi alishika kalamu, akauma ulimi, akatoa kitu kama ufagio uliovishwa gauni. Kuna bibi arusi mmoja aliyeichukua karatasi, akaigeuza juu chini, akaigeuza tena, kisha akairudisha kwa adabu. "Wewe shona tu, mama. Nakuamini."

Binti yake alichoka kusikia wimbo wa "laiti ningejua kuchora." Mama Futi alipotimiza miaka hamsini na sita, binti alimwandikisha kwenye mafunzo ya wiki sita, Jumatatu mpaka Jumamosi, saa mbili asubuhi hadi saa saba mchana. Wiki mbili za kuchora mwili wa binadamu kwa mkaa, mbili za rangi ya mafuta, mbili za kuufinyanga kwa udongo. "Nenda kajue, mama," alisema, "ili sote tupumzike."

Darasa lilikuwa ghala la zamani la magunia, lenye madirisha marefu na sakafu iliyojaa vumbi la mkaa. Mwalimu alikuwa mwembamba, mpole, mwenye ndevu zilizogeuka buluu nchani kwa sababu alizishika kila alipofikiri, na vidole vyake havikuwahi kuwa visafi. Wanafunzi walikuwa saba. Aliyekaa karibu na Mama Futi ni mwanajeshi mstaafu, ambaye kabla ya saa nne walikuwa wamekwisha kumwita Kamanda.

Mtu wa kuchorwa siku hiyo alikuwa mlinzi wa ghala la pili, bwana mnene mwenye bukta tu mwilini, aliyepanda jukwaani na kuketi kwenye kigoda kama mfalme aliyeibiwa nguo. Mwalimu akaanza kueleza. Unyooshe mkono, ushike penseli wima, ufumbe jicho moja, utazame kichwa kinaingia mara ngapi katika urefu wa mwili. Hajamaliza, Mama Futi yuko jukwaani.

"Nyanyua mikono, baba."

Mlinzi akanyanyua. Hakuna binadamu anayembishia fundi nguo.

"Kiuno, inchi arobaini na sita. Kifua, arobaini na nne..."

"Mama, shuka," alisema Mwalimu.

"Wewe unakisia, Mwalimu. Mimi nina hakika."

"Ndiyo maana nataka ukisie."

Futi ikanyang'anywa na kutundikwa kwenye msumari karibu na mlango. Mama Futi akarudi mahali pake akijihisi yu uchi kuliko yule aliyekuwa jukwaani.

Baada ya saa moja Mwalimu alipita kukagua. Kwa Kamanda alikuta mlinzi yule yule, ila amesimama wima, mikono ubavuni, akisubiri amri. Kwa Mama Futi alisita zaidi.

"Kitambi chake kiko wapi?"

"Nimekipunguza."

"Nani kakuomba?"

"Hakuna anayeomba kwa mdomo, Mwalimu. Watu huomba kwa macho."

Mlinzi alikuwa amerefusha shingo mpaka akaiona karatasi. "Mwacheni mama," alisema. "Mimi naona amepatia."

Mwalimu akashika ndevu. "Hapa hatushoni, mama. Hapa tunatazama. Kilichopo, kiweke. Kisichopo, kiache."

Ni rahisi kusema. Mazoea yana taabu, na mkono uliozoea kuficha kwa miaka mingi haukubali kufichua kwa wiki mbili. Mama Futi alichora na kufuta, akachora na kufuta, mpaka karatasi zikatoboka. Ikifika saa saba alirudi nyumbani na pua nyeusi, vidole vyeusi, na moyo uliojaa ubishi. Lakini kila siku kipande cha kitambi kilirudi mahali pake, na mlinzi aliacha kumsifu, jambo ambalo Mwalimu alilihesabu kuwa maendeleo.

Mumewe, msoma mita za maji aliyestaafu, aliyafurahia mafunzo hayo kuliko tamasha. Tatizo ni kwamba alipenda utani, na siku moja akaupeleka kusikofaa. Alimpigia simu dada yake akamwambia, "Wifi yako siku hizi anashinda na wanaume waliovua mashati."

Dada yake, ambaye Mama Futi alimwita wifi naye akaitwa wifi, alikuwa mama wa miaka sitini na minane, mrefu, mpana, mwenye sauti ya kufungulia milango. Utani wowote ukimfikia, aliupekua kwanza kama mzigo mpakani. Huu aliupekua, akaona umebeba aibu ya ukoo mzima. Hakubadilisha hata nguo. Alitoka na gauni lake la nyumbani, akaukwapua mkoba, akaenda.

Ilikuwa wiki ya pili ya rangi, na mlinzi hakufika siku hiyo kwa sababu ya jino. Mwalimu alikuwa akifikiria kuwachoresha ndoo iliyopinduliwa. Mara mlango ukafunguka, ukagonga ukuta, na wifi akasimama kizingitini, mwanga wa dirisha ukimwangukia usoni, mkono mmoja kiunoni.

"Yuko wapi mke wa ndugu yangu?"

Brashi ilimdondoka Mwalimu. "Usisogee!" alipiga kelele.

Maishani mwake hakuna mtu aliyewahi kumwambia wifi asisogee. Kwa mshangao tu, hakusogea.

"Mkono ubaki hapo hapo kiunoni. Kidevu kama kilivyo. Na hiyo hasira, mama yangu, tafadhali isipungue."

"Isipungue?" alisema wifi. "Nani kakwambia itapungua?"

Wanafunzi wakakimbilia turubai zao za kuchorea. Kamanda alipiga saluti kabla hajajua mkono wake unafanya nini. Wifi alisimama pale akiwasema wote kwa zamu. Alimsema Mwalimu kwa ndevu zake, akamsema Kamanda kwa kumfumbia jicho mtu asiyemfahamu, akamsema Mama Futi kwa kumwacha mumewe ale kiporo. Lakini kila alipotaka kutikisa mkono kukazia neno, Mwalimu alisema, "Mkono, mama," naye akaurudisha kiunoni kwa haraka ya kushangaza. Mtu angedhani ameanza kuipenda kazi.

Mama Futi, kwa upande wake, alikuwa taabani. Alikuwa akimshonea wifi yake kwa miaka ishirini na minane. Alijua jambo ambalo hakulitamka hata kwa mumewe: bega la kushoto la wifi lilikuwa chini ya la kulia kwa upana wa vidole vitatu. Kila gauni alilomshonea lilikuwa na pamba upande huo, imetiwa ndani ya bitana, imeshonelewa kwa siri. Wifi hakuuliza, yeye hakusema. Leo wifi amevaa gauni la kununua, lisilo na pamba, na bega liko wazi mbele ya watu saba na brashi zao.

Akalichora limenyooka. Akatazama. Mtu aliyekuwa kwenye turubai alifanana na wifi kama sanamu ya dukani inavyofanana na mtu. Akalifuta kwa kitambaa, akaanza upya. Mkono ukalinyoosha tena. Mwalimu akaja, akasimama nyuma yake, akashika ndevu, akaondoka. Afadhali angetukana.

Mara ya tatu Mama Futi aliuma ulimi, akaliweka bega mahali lilipo.

Hapo picha ikashtuka. Shingo, iliyokuwa ngumu kama mpini, ikaona sababu ya kuinama kidogo upande wa pili. Kiuno kikajua kwa nini kinabeba uzito kulia. Hata ule mkono wa ukali ukaonekana wa mtu aliyejishika asianguke. Alikuwa wifi mwenyewe. Ungeitundika sebuleni, watoto wangekaa kimya.

"Mapumziko," alisema Mwalimu.

Wifi akaanza kuzungukia turubai, mikono nyuma. Kwa Kamanda alisimama. "Huyu askari ni nani?" Kamanda akajibu, "Ni wewe, mama." Wifi akamtazama kwa huruma, akapita. Kisha akafika kwa Mama Futi. Mkono wake wa kulia ulipanda taratibu ukaligusa bega la kushoto.

"Wifi."

"Abee, wifi."

"Hili bega."

Mama Futi akachukua kitambaa. "Nisamehe, wifi yangu. Nalinyanyua sasa hivi."

"Ukiligusa nakukata mkono." Wifi akavuta kigoda cha mlinzi, akaketi. "Unajua lilishukaje? Mama yetu aliugua nikiwa na miaka tisa. Mumeo alikuwa na miaka miwili, mzito kama gunia la chumvi lililolowa, na mvivu. Hakutaka kukanyaga chini mpaka alipoanza shule. Nani alimbeba? Mimi. Upande huu. Nikienda kisimani, yuko hapa. Nikienda kusaga, yuko hapa. Siku aliyoteremka, bega halikupanda tena." Akaitazama picha. "Na wewe miaka yote unalitilia pamba. Nikasema, sawa, mke wa ndugu yangu ananiona kilema, hataki watu waone."

"Mimi?" Mama Futi aliketi sakafuni kwenye vumbi la mkaa. "Mimi nilidhani wewe ndiye unayeona haya!"

"Haya ya nini? Ile pamba inaniwasha, wifi! Miaka ishirini na minane inaniwasha! Kanisani inaniwasha, harusini inaniwasha! Nikifika nyumbani najikuna kwenye fremu ya mlango kama ng'ombe!"

Hakuna aliyethubutu kucheka mpaka wifi alipocheka, na alipocheka vioo vya madirisha vilitetema. Mama Futi alicheka huku machozi yakimchora mistari kwenye masizi ya mashavu. Kamanda aligeukia ukutani kulinda heshima ya jeshi.

Kesho yake wifi alifika saa moja na nusu, kabla ya Mwalimu, akakuta pamefungwa, akalalamika. Wiki mbili za udongo alikaa yeye. Mama Futi, aliyekwisha kupata kiburi, alikataa kuweka mifupa ya waya ndani ya kichwa alichofinyanga. "Mimi hukata kitambaa bila kielelezo," alimwambia Mwalimu, "udongo utanishinda?" Siku ya tatu, kichwa kikiwa na macho na mdomo, shingo ilianza kulegea. Kidevu kikashuka polepole mpaka kifuani, pua ikafuata.

"Wifi," alisema wifi kutoka jukwaani, "nasinzia."

Kikadondoka, kikalala sakafuni kama chapati. Mama Futi akaenda kuomba waya bila kunyanyua uso. Kichwa cha pili alikitengeneza kwa subira, na vidole vilivyojua miaka yote jinsi kitambaa kinavyokaa juu ya mwili vikajua sasa jinsi ngozi inavyokaa juu ya mfupa. Alikifikisha mpaka mabegani, yote mawili, kila moja mahali pake.

Siku ya mwisho jamaa walialikwa kutazama kazi. Mumewe aliingia akifuta miwani kwa ncha ya shati, akapita mbele ya meza, akainama kidogo. "Shikamoo, dada."

"Marahaba," alijibu wifi kutoka nyuma yake.

Alivaa miwani, akakitazama kichwa cha udongo, akamgeukia dada, akarudia kichwa. Ndipo akaliona bega. Alikuwa amekwisha kusimuliwa, kwa kirefu na kwa sauti, lakini kusikia si kuona. Akaligusa kwa kidole. "Dada," alisema hatimaye, "kweli nilikuwa mzito hivyo?"

"Hujapungua."

Mama Futi aliendelea na cherehani, na kila Jumamosi anarudi ghalani kufinyanga. Wateja wakimwomba mchoro sasa wanapata mtu kamili, na si wote wanaofurahi. Wawili walijiona, wakakasirika, wakahama fundi. Wengine husema, "Basi nishonee nguo ya huyo huyo," na hao ndio wateja anaowapenda.

Kichwa alikichukua wifi, akakiweka sebuleni kwake juu ya kabati la vyombo, kikitazama mlango. Jirani mmoja alimuuliza haogopi kuishi na sura yake mwenyewe. Wifi alilishangaa swali.

"Niogope nini?" alisema. "Afadhali sasa humu ndani tuko watu wawili wenye akili."