Nasaba ya Punda Wetu

Mwaka uliofuata vita vya Maji Maji nilirudi Newala kutoka chuo cha misheni Unguja, nikiwa na tabia ya kuhoji kila kitu, hata sala ya kabla ya kula. Nilimkuta Mama amechoka. Kwetu, juu mlimani, hakuna maji. Tuliyachota bondeni, na aliyeyapandisha alikuwa punda wetu jike, ambaye sasa alikuwa mzee na magoti yanatetemeka. Tumaini lote lilikuwa kwa mtoto wake, jike pia, aliyekuwa ndiyo kwanza ameachishwa ziwa.

Hapo akaja karani wa boma, mtu wa pwani, na agizo la Mjerumani: kila punda aliyezaliwa na dume la serikali aandikwe kwa baba yake, apigwe chapa, apelekwe bomani. Dume hilo, jeupe, la Maskati, lilizurura ovyo wakati wa vita. Na mtoto wa punda wetu alikuwa mweupe.

Mjomba, mkuu wa ukoo wetu, alimjibu karani kwa desturi yetu. Alimtaja mama wa mtoto, bibi yake, akapanda hivyo hivyo mpaka yule wa kwanza, aliyeachwa na msafara akiwa mgonjwa. Hakutaja dume hata moja. Sisi ni watu wa ukoo wa mama, na punda tuliwahesabu vivyo hivyo.

Mimi nilikuwa nimeshambishia Mjomba jambo hilo wiki nzima: weupe ule umetoka wapi, kama si kwa baba? Sasa karani akauliza hilo hilo. Mjomba akanigeukia.

"Haya, msomi. Kumbe unajua kubisha nyumbani tu?"

Nikamuuliza karani kama kuna mtu aliyeshuhudia dume lile likimpanda punda wetu. Akasema hakuna. Je, kuzaliwa kwa mtoto? Mama akasema wanawake wote wa jirani walikuwepo, maana kwetu punda hazai bila mashahidi, na papo hapo mtoto hukatwa sikioni alama ya mama yake.

Karani alishika sikio la punda mama, kisha la mtoto. Pengo lilikuwa lile lile. Akacheka, akasema babu yake alifuga farasi huko Maskati, na farasi bora walifuatwa nasaba kwa majike, kwa kuwa dume lolote laweza kusingiziwa.

"Mjerumani anataka baba," alisema. "Nimwandikie nani, upepo?"

Akaandika kwamba baba hajulikani, na mtoto ni mali ya nyumba ya mama. Kama aliridhika na hoja yangu au na kuku aliyenukia jikoni, sijui mpaka leo.

Asubuhi Mama alimfunga kamba punda yule mdogo, akamshusha bondeni bila mzigo, ajifunze njia tu. Nilibeba mtungi mimi. Wakati wa kurudi, kwenye kona kali, mnyama alisimama, akanusa mawe, kisha akatangulia mbele yetu kupanda.